Usiku wa Paris na kilio cha Garissa

Ijumaa ya tarehe 13 Novemba 2015 ilianza na habari nyingi ikamalizika na moja. Mchana wake wapiganaji wa Kikurdi waliingia Sinjar, kaskazini mwa Iraq, na kuwafurusha wapiganaji wa kundi la Islamic State walioushika mji huo tangu mwaka uliotangulia. Huko Myanmar matokeo yakathibitisha kwamba chama cha Aung San Suu Kyi kimepata wingi wa viti bungeni. Beirut, mji mkuu wa Lebanon, walikuwa wakizika watu wao, maana jioni ya Alhamisi washambuliaji wa kujitoa mhanga walikuwa wameua zaidi ya watu 40 katika mtaa wa Bourj el-Barajneh. Na Alhamisi hiyohiyo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limepitisha kwa kauli moja azimio namba 2248 kuhusu machafuko ya Burundi.

Yapata saa tatu na dakika ishirini usiku, saa za Paris, bomu la kwanza likalipuka nje ya uwanja wa Stade de France, ambako Ufaransa ilikuwa inacheza na Ujerumani, Rais François Hollande akiwa jukwaani. Watu 130 walipoteza maisha, 90 kati yao ndani ya ukumbi wa Bataclan. Sinjar, Myanmar, Beirut na Burundi zikafutika kwenye kurasa za mbele.

Hapo ndipo lawama zilipoanza. Katika siku zilizofuata, watu walikuwa wanasambaza mitandaoni habari ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, ambako al-Shabaab waliua watu 148, wengi wao wanafunzi. Wengi waliosambaza walidhani limetokea siku hizohizo. Kumbe ni la Aprili 2, miezi saba nyuma. Swali lao lilikuwa moja: mbona vyombo vya habari vya dunia havikusema?

Swali hilo lina kasoro ambayo haikuangaliwa sana. Linki iliyozunguka zaidi ilikuwa ya BBC. Yaani ushahidi wa kwamba dunia ilinyamaza ulikuwa habari iliyoandikwa na chombo kikubwa cha dunia, tarehe ya Aprili ikiwa juu kabisa. Habari ilikuwepo. Kilichokosekana mwezi Aprili ni wasomaji wa kuibofya, na baadhi ya waliokuja kulalamika Novemba walikuwemo katika hao ambao hawakubofya. Wakenya wenyewe hawakungoja mtu: baada ya Garissa walijaza Twitter majina na picha za vijana waliouawa, mmoja baada ya mwingine, ili wasibaki tarakimu.

Wanaowatetea wahariri wana hoja nyingine nzito, nayo ni ya kiufundi tu. Paris, kamera za mpira zilikuwa hewani na mlipuko ukasikika kwenye televisheni mechi ikiendelea. Makao makuu ya shirika la habari la AFP yako katikati ya jiji hilohilo. Garissa ilivamiwa alfajiri, zaidi ya kilomita 300 kutoka Nairobi, chuo kikazingirwa na vikosi vya usalama hadi jioni. Mwandishi aliyefika alibaki nje akihesabu magari ya wagonjwa.

Lakini utetezi huo una mpaka. Tulisikia mara nyingi kwamba Paris ilikuwa habari kwa sababu ni jambo lisilo la kawaida, ilhali Mashariki ya Kati mabomu yamezoeleka. Hapo mimi siafiki hata kidogo. Shambulio la Bourj el-Barajneh lilitajwa kuwa baya kuliko yote yaliyoikumba Beirut tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe viishe mwaka 1990. Kama kigezo ni upya wa jambo, Beirut ilistahili. Anayesema watu wa huko wamezoea hajawauliza.

Burundi ndiyo inayonisumbua zaidi, na karibu hakuna aliyeitaja usiku ule, hata sisi majirani. Ilipofika Novemba zaidi ya Warundi laki moja walikuwa wamekimbilia Tanzania, kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ikafurika. Ukimya ule haukutokana na Paris pekee. Mwezi Mei, katika jaribio la mapinduzi, vituo binafsi vya redio vya RPA, Bonesha na Isanganiro vilishambuliwa na kuzimwa, na waandishi wengi wakakimbilia uhamishoni. Redio ya mtaani ikishazimwa, mashirika makubwa nayo hukosa wa kumpigia simu kuuliza milio ya risasi ya jana usiku ilitoka kata gani. Anayetaka kujua kwa nini baadhi ya vifo havifiki kwenye habari aanzie hapo kabla hajafika London au Paris.

Facebook ni kesi tofauti, na hapa walalamikaji walishinda. Kitufe cha kuwajulisha ndugu na marafiki kwamba uko salama kilikuwa kikiwashwa kwa majanga ya asili tu, kama matetemeko ya ardhi. Kikawashwa kwa Paris. Beirut, siku moja kabla, hawakukipata, lakini bendera ya Ufaransa iliwekwa tayari kwa yeyote anayetaka kuipaka juu ya picha yake. Mhariri wa gazeti anaweza kusema anawaandikia wasomaji wa nchi yake. Kampuni inayojinadi kuwa ni ya dunia nzima haina pa kujificha. Mkuu wa Facebook, Mark Zuckerberg, alijieleza kwamba sera ilibadilishwa kwa ajili ya Paris, na akaahidi kukitumia kwingine.

Siku nne baada ya Paris, Novemba 17, bomu liliua zaidi ya watu 30 mjini Yola, Nigeria, na kitufe kikawashwa. Wanaobeza kelele za mitandaoni wana kazi ya kulijibu hilo. Ila kitufe si mwandishi. Watu wa Yola waliweza kuwaambia jamaa zao kuwa wako hai. Nani alitega bomu lile, na polisi walifanya nini wiki iliyofuata, bado ilihitaji mtu wa kwenda kuuliza na mhariri wa kumlipia nauli.