Mwanafunzi wa shahada ya kwanza akabidhiwe dodoso lini?

Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake ya saikolojia mjini Leipzig mwaka 1879, aliweka humo ala za kupima kasi ya mtu kuitikia mwanga na sauti. Hapa Dar es Salaam sehemu kubwa ya utafiti wa saikolojia hufanyika kwa dodoso na kalamu, barazani kwa watu, na ndiyo maana swali la kumshirikisha mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu katika utafiti huo lina uzito wake.

Wanaotaka ashirikishwe wana hoja nzito. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alionyesha kwamba asilimia 96 ya washiriki wa tafiti zilizochapishwa katika majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani walitoka katika nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda. Vipimo vilivyotokana na watu hao ndivyo tunavyovitumia. Chukua dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa kuhusu dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, katika wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa alama 0 hadi 3. Mama lishe wa Manzese hatasema ana sonona, atasema, "Nina mawazo." Kijana aliyekulia mtaa huohuo anajua kwamba hapo hazungumzii kufikiri tu, bali mzigo unaomnyima usingizi, na ujuzi huo msimamizi wake huenda hana.

Hata hivyo, swali la tisa la dodoso hilohilo linauliza ni mara ngapi katika wiki hizo mbili mtu amewaza kwamba ni heri afe au ajidhuru. Yule mama akijibu "karibu kila siku", huku akigeuza chapati, kijana wa miaka 21 afanye nini? Kama hakufundishwa, ataandika 3 na kwenda kwa anayefuata, jambo ambalo kwangu ni kosa la aliyemtuma. Na tusijifanye hatuyajui madodoso yanayojazwa chini ya mwembe mtafitiwa akiwa hayupo.

Kwa maoni yangu, mwanafunzi aanzie kwenye tafsiri. Mmoja ageuze maswali kuwa ya Kiswahili, mwingine ambaye hajaona nakala ya awali ayarudishe kwenye Kiingereza, kisha wakae na msimamizi kujadili kila mahali maana ilipoteleza. Hapo ataona kwa macho yake kipimo kikilegalega, jambo ambalo ukumbi wa mihadhara wenye mamia ya watu haumwonyeshi, na hakuna mgonjwa atakayeumizwa. Mtaani aende baadaye, akiwa na namba ya kumpigia msimamizi na mpango wa rufaa uliokubaliwa na kituo cha afya kabla hajatoka.

Suala la malipo ni jepesi kuliko linavyofanywa. Nauli ya daladala na chakula cha mchana viingizwe kwenye bajeti tangu mradi unapoombewa fedha, badala ya kumwachia avitoe kwenye mkopo wake, na aliyetafsiri dodoso atajwe kwenye ripoti kama anavyotajwa aliyechambua takwimu.