Msinipe heri ya Ijumaa Kuu, nipeni pole

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu ikalia. Grupu la jumuiya yetu. Picha ya mwanakondoo, mawaridi, njiwa wawili sijui wametokea wapi, na maandishi ya dhahabu yanayometameta: "Nakutakia Ijumaa Kuu njema yenye furaha tele." Chini yake watu wameshajibu: Amina. Nawe pia mpendwa. Amina. Mmoja kaweka na kichupa cha shampeni.

Furaha ya nini, ndugu zangu? Kuna mtu amekufa.

Mtasema ni neno tu, niache ukali. Haya, lakini hapa Bagamoyo hakuna asiyejua adabu ya msiba. Jirani akifiwa, redio inazimwa nyumba tatu kila upande. Akina mama wanajifunga kanga, wanaingia kimya, wanakaa kwenye mkeka. Anayepika anapika, anayeteka maji anateka. Hujasikia hata mlevi wa mtaa akiingia pale na "heri ya msiba". Tunayajua haya tangu utotoni bila kufundishwa darasani. Ila akifa Bwana wetu, tunatumiana njiwa.

Na Kanisa limeipanga siku yenyewe kama msiba, ukiangalia vizuri. Hakuna misa. Kengele zimenyamaza tangu wimbo wa Utukufu wa Alhamisi Kuu. Saa tisa alasiri padri anaingia bila wimbo, analala kifudifudi mbele ya altare iliyovuliwa vitambaa vyote, na sisi tunapiga magoti. Hakuna "Bwana awe nanyi" mwanzoni, na mwishoni kila mtu anaondoka kivyake, kimya. Hivyo ndivyo tunavyotoka makaburini. Mtu akishatupia udongo wake, anafuta mikono, anaanza kutembea.

Mimi kinachonimaliza kila mwaka ni mwisho wa sura ya 19 ya Yohana, pale ambapo wengi tumeshachoka kusimama na tunaangalia saa. Yesu ameshakufa, sasa kuna kazi ya maiti. Yusufu wa Arimathaya anakwenda kwa Pilato kuomba mwili. Nikodemo, yule aliyewahi kumjia Yesu usiku, anakuja na manemane na uudi, yapata ratli mia. Uudi! Mtu wa pwani akisikia neno hilo pua yake inafanya kazi kabla ya masikio. Tunaujua uudi, tunajua sanda, tunajua haraka ya kuzika jua halijazama. Wanaume wawili ambao hawakuonekana wakiandamana naye, mwenzao alipokuwa hai na anawahitaji, wamejitokeza sasa kubeba na kufunga sanda. Sijui kama niwasifu au niwalaumu. Najua tu kwamba walikuja wakaushika mwili kwa mikono yao, wala Yohana hasemi kuwa waliambiana "usijali, Jumapili anafufuka".

Hapo ndipo ninapogombana na wapendwa wetu wa makanisa mengine, wanaosema wao hawaombolezi kwa sababu Yesu yu hai. Yu hai, kweli. Lakini Yohana hakuruka sura ya 19 kuwahi ya 20. Matanga ni siku tatu. Wewe hujatandika hata mkeka, unataka kuyaondoa?

Kuhusu kufunga nisiseme sana, nitakosa marafiki. Kanisa linatutaka tule mlo mmoja wa kushiba na tuache nyama. Huku kwetu, samaki wakiwa wanashushwa kila siku, kuacha nyama ni sawa na mtu wa Songea kuambiwa aache pweza. Mwaka huu nimemwona mwenzangu "amefunga" na changu wawili wa kukaanga, kachumbari na wali wa nazi. Alinikaribisha. Nilikataa, kwa shida.

Sasa nije kwenye muziki wa ibada ya mwaka huu, ambao haukutoka kwa kwaya. Msomaji alifika pale Yesu anapoinamisha kichwa na kukata roho. Kanisa zima likapiga magoti, kimya. Na ndani ya kimya kile upepo wa bahari ukatuletea besi kutoka sehemu moja ya starehe ufukweni: dum, dum, dum. Mwanangu mdogo akaanza kutikisa kichwa.

Nilitoka pale nimejaa maneno. Nikayapunguza njiani. Waliokuja na mabasi kutoka Dar wana siku chache za kupumzika, na aliyewakodisha viti ana ada ya shule ya kulipa. Wengi wao wala si Wakristo. Mwenye spika hakubatizwa nami. Sawa. Ila wale niliowaona na rozari shingoni, mguu mmoja ndani ya maji na chupa mkononi, hao siwapunguzii hata senti.

Mwaka 2024 Ijumaa Kuu iliangukia ndani ya Ramadhani. Nilikuwa barazani asubuhi, akapita jirani yangu, bibi mmoja wa Kiislamu, midomo imekauka kwa saumu. Akasimama. "Mwanangu, leo ndiyo siku yenu ile mliyofiwa?" Nikamwambia ndiyo, bibi. "Basi poleni." Kwa imani yake Nabii Isa hakusulubiwa, na mimi najua hivyo, na yeye anajua kwamba najua. Pole akaitoa hata hivyo, kwa sababu ameona jirani ana msiba. Nikamjibu kama desturi: "Tumeshapoa." Akaenda zake. Nikabaki na aibu. Nimepoa nini, wakati hata kuungua sijaungua? Magharibi akatuma mjukuu na bakuli la magimbi ya nazi.

Kila anayeandika kuhusu Bagamoyo lazima atueleze habari za kubwaga moyo, mimi najizuia. Nitawakumbusha jambo jingine. Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi kutoka Uskoti, alifia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Watumishi wake, Susi, Chuma na wenzao, wakauzika moyo wake kulekule, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu hadi hapa. Wakafika Februari 1874. Njiani ilibidi waufiche kama mzigo wa nguo, maana vijiji viliogopa maiti kupitishwa kwao. Ukaletwa hapa kwenye misheni ya Kikatoliki, ambayo wamisionari walikuwa wameianzisha mwaka 1868, na mnara wa kanisa la zamani hadi leo unaitwa kwa jina lake. La marehemu, si la waliombeba, lakini hiyo ni hasira ya siku nyingine. Mtu amefia ugenini, wenzake wamekataa kumwacha. Miezi ile yote na maiti begani. Sisi tunaombwa tukae na wetu alasiri moja, kwenye viti vya plastiki, chini ya feni.

Turudi kwenye grupu. Asubuhi ile, baada ya njiwa na shampeni, niliandika neno moja: "Poleni."

Kimya. Kisha mama mmoja, mtu wa kanisani kabisa, akauliza, "Jamani, nani tena?"

Mwingine: "Mungu wangu. Poleni sana wafiwa. Msiba uko wapi?"

Na katibu wetu, ambaye kwa mambo ya rambirambi huwa hacheleweshi: "Mazishi saa ngapi, tujipange na mchango?"

Nikamjibu saa tisa, kanisani.