Bustani ya Mombasa Yafaa Reli ya Kamba Kuliko Reli ya Meno

Watu wanaotutembelea nyumbani kwetu Tudor, ambako ua wa nyuma unateremka kuelekea mkono wa bahari, huniuliza kwa nini sikujenga reli ndogo ya meno kama zile za milima ya Uswisi, nikachagua badala yake mabehewa mawili yanayovutana kwa kamba moja. Jibu langu ni refu, na ninaliandika hapa kwa sababu ninaamini kwa dhati kwamba mtu yeyote wa mji huu mwenye kiwanja cha mteremko, na mwenye hamu ya kujenga reli ya mlimani kwa kipimo cha bustani, atafaidika zaidi akianza na kamba.

Reli ya kawaida hushindwa na mlima kwa sababu gurudumu la chuma juu ya chuma halina mshiko wa kutosha, na mwinuko unapozidi kiasi magurudumu huzunguka mahali pamoja bila kusogea. Dawa ya kwanza ya tatizo hilo ilikuwa meno: reli ya tatu yenye meno hulazwa katikati ya zile mbili, na gurudumu la meno lililo chini ya injini huing'ata na kupanda nayo. Sylvester Marsh alifika kilele cha Mount Washington nchini Marekani kwa njia hiyo mwaka 1869, na Niklaus Riggenbach akafungua reli ya mlima Rigi huko Uswisi mwaka 1871. Mwaka 1889 Eduard Locher alijenga ile ya Pilatus, ambayo mwinuko wake hufikia asilimia 48. Kwa ukali huo alihofia kwamba gurudumu la meno lingenyanyuka na kuachia, kwa hiyo akayaweka meno pande mbili za reli ya katikati, na magurudumu mawili yaliyolala yakaibana kushoto na kulia. Hofu hiyo ya Locher ninaielewa vizuri sana, kwani ndiyo iliyonishinda mimi.

Nilianza na meno. Nilitumia njia yenye upana wa milimita 45, ambayo ndiyo inayotumiwa sana na wajenzi wa reli za bustani, na niliipenda kwa sababu iliyo karibu na moyo wa Mkenya: reli yetu ya zamani, iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita 1 kamili, na mita 1 ukiigawanya kwa kiasi cha 22 unapata milimita 45. Nililaza vipande vya meno vya plastiki vilivyoagizwa kutoka ng'ambo, nikavifunga juu ya mataruma, na kwa wiki mbili injini yangu ndogo ilipanda vizuri. Kisha jua la Februari likavipinda vipande vile, upepo wa kaskazi ukaleta mchanga mwembamba kutoka ufukweni, na vijani vidogo vya mwarobaini, ambavyo hudondoka kila siku ya Mungu, vikajaa katikati ya meno. Punje chache za mchanga zinatosha kulinyanyua gurudumu la meno kwa upana wa ukucha, na likishanyanyuka injini hurudi nyuma kwa kishindo. Ilianguka mara tatu. Mara ya tatu ekseli yake ilivunjika, nayo ilikuwa kitu ambacho fundi wa hapa hakuweza kukitengeneza kwa siku moja.

Simaanishi kwamba meno ni kazi mbaya. Mwenye mapenzi na injini, anayetaka kuiona ikipanda kwa nguvu zake yenyewe, hana njia nyingine. Lakini nimeona bustani ambamo reli ya meno imelazwa juu ya mwinuko wa asilimia 5 tu, ambao mota nzuri yenye uzito wa kutosha ingeweza kuupanda bila msaada, na hapo meno yamekuwa mapambo. Reli ya mlimani inapaswa kuwepo kwa sababu mlima upo. Ua wangu una urefu wa mita 5 na nusu ukipimwa kwa usawa wa ardhi, nao hushuka mita 2 na sentimita 20, yaani mwinuko wa asilimia 40. Huo ni mlima wa kamba.

Tena kamba ina historia kwetu. Wajenzi wa reli yetu hiyo ya zamani, iliyoitwa reli ya Uganda, walipofika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, hawakusubiri njia ya kudumu ya kuzungukia miteremko ikamilike, bali waliweka njia ya muda ya kamba ili wateremshe vifaa na mabehewa hadi chini bondeni, na katika sehemu zilizosimama zaidi behewa lilipandishwa juu ya jukwaa la magurudumu lililoundwa ili lilibebe likiwa limekaa sawa. Kila nikiliona behewa langu la juu, ambalo nimelipa sakafu yenye ngazi ili abiria wa kuchonga wasimame wima, huwakumbuka vibarua wale, wengi wao kutoka Bara Hindi, waliokesha kwenye baridi ya ukingo ule.

Uzuri mkubwa wa kamba ni mizani. Behewa langu moja lina uzito wa kilo 1 na nusu, na kulipandisha peke yake kwenye mteremko ule kunadai nguvu inayozidi kidogo nusu kilo, mbali na msuguano. Ukilifunga kwenye kamba inayopita juu ya kapi, na upande wa pili ukafunga behewa la uzito uleule, mzigo huo karibu wote hutoweka, na kinachobaki ni kuushinda msuguano na tofauti ya abiria. Mota iliyotoka kwenye printa mbovu inatosha.

Ugumu uko mahali pamoja tu, katikati ya safari, ambapo mabehewa mawili hukutana kwenye njia moja na lazima yapishane. Mhandisi Carl Roman Abt alianza kulitatua jambo hilo katika reli ya Giessbach nchini Uswisi mwaka 1879, na sijaona kitu chepesi kuliko ufumbuzi alioufikia baadaye. Behewa la kwanza lina magurudumu yenye kingo mbili upande wa kushoto, yanayoikumbatia reli ya kushoto bila kuiacha, na upande wa kulia lina magurudumu mapana yasiyo na ukingo wowote. Behewa la pili ni kinyume chake. Njia inapogawanyika, kila moja hufuata upande wake pasipo kitu chochote cha kuhamishwa, na magurudumu mapana huvuka juu ya nafasi zilizoachwa kwenye reli za ndani ili kamba ipite. Nilimpelekea fundi wa kukereza vyuma mchoro huo, akauangalia kimya kwa muda, akachukua chaki na kuuchora upya sakafuni, kisha akasema amefahamu. Alikereza magurudumu manane kwa alasiri moja. Reli zenyewe nilizipata kwa mafundi wa madirisha, alumini iliyobaki, ambayo hewa ya chumvi haiili kama inavyokula chuma. Kosa langu lilikuwa nafasi ya kamba: niliiacha nyembamba mno, kamba ikawa inasugua ncha ya reli, na siku ya pili nilikuta nyuzi zake zimeanza kukatika. Nilizipiga tupa ncha zile hadi zikawa laini kwa kidole, nikaweka roda ndogo kabla na baada ya kupishana.

Juu ya kamba yenyewe nilifundishwa na jirani yetu, mzee aliyesafiri na majahazi tangu ujana wake. Nilikuwa nimenunua nailoni, nayo hunyumbuka sana ikibeba mzigo, hata behewa moja likafika stesheni ya juu huku lenzake likiwa bado hatua moja kutoka chini. Mzee aliivuta kwa mikono miwili, akaniambia, "Mwanangu, kamba mpya ni mwongo. Tafuta iliyosukwa, isiyonyumbuka, uitundike na mzigo siku tatu, ndipo uikate." Nilitafuta kamba ya poliesta iliyosukwa, nikaitundika kwenye mwembe na jiwe la matumbawe, na tangu hapo mabehewa yangu hufika pamoja.

Jambo ninalolipenda kupita yote ni maji. Reli ya Lynton na Lynmouth huko Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1890, haina mota: tangi la behewa la juu hujazwa maji, uzito wake hulishusha na kulipandisha la chini, kisha maji humwagwa. Ile ya Fribourg nchini Uswisi, ya mwaka 1899, hutumia majitaka ya mji. Mombasa maji ni ya thamani, na mtu mwenye kungoja mfereji ufunguliwe hawezi kuyamwaga bustanini kwa ajili ya mchezo. Lakini unyevu wa hewa yetu hukitoa jasho kiyoyozi usiku kucha, na bomba lake lilikuwa likidondosha maji ukutani bure. Niliyaelekeza kwenye ndoo iliyo stesheni ya juu. Nusu lita ndani ya behewa la juu huongeza mvuto wa karibu gramu 185 kwenye mteremko wangu, na hiyo inatosha kuondoka taratibu. Chini, valvu husukumwa na kigingi, na maji huishia kwenye mizizi ya mndimu. Mota ya printa sasa kazi yake ni breki tu, kwani ukiziunganisha nyaya zake mbili hukaza na kuuzuia mwendo usizidi.

Breki hiyo bado hainiridhishi kabisa. Masika ya mwaka huu kamba ililowa ikateleza juu ya kapi, na behewa la chini liligonga kizuizi kwa nguvu hadi ngazi ya sakafu ikapasuka. Reli ya Bom Jesus mjini Braga, Ureno, inayoendeshwa kwa maji na kamba tangu mwaka 1882, ina reli ya meno katikati kwa ajili ya breki. Kwa hiyo nimemrudia fundi wangu, safari hii tukiwa na bapa la alumini nene na mchoro wa meno mapana, yaliyo wazi chini ili mchanga udondoke wenyewe.