Korona Imeuzwa kwa Kilo

Wiki iliyopita nilipishana na fuso moja pale Muheza, imebeba korona, ile mashine kubwa ya kusindika majani ya mkonge, iliyokatwa vipande kwa gesi. Ngoma, visu, magurudumu ya mkanda, vyote vinakwenda kwenye mzani wa chuma chakavu. Na mzigo umefungwa kwa kamba ya nailoni. Nailoni, jamani, ile ile iliyoua soko la mkonge!

Jioni yake nafungua simu, nakutana na tangazo la "utalii wa historia Tanga": Mapango ya Amboni, Boma la Mjerumani, makaburi ya Wajerumani. Haya. Sina ugomvi na Boma. Waliolikarabati wakaweka makumbusho wamefanya kazi, nawapa haki yao. Ila hebu tuulizane, Tanga hii ililishwa na Boma?

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutoka kwenye hiyo 62, kufikia 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka. Hindorf tunamtaja kila siku. Waliokata yale majani je? Manamba, vibarua wa mkataba walioletwa kutoka Kigoma, Songea, Urundi (Burundi ya leo) na Msumbiji, wakakaa kambini wakihesabiwa siku 30 za kipande, ile kadi ya kazi, wako kwenye kibao gani?

Mzee mmoja aliyelisha korona tangu ujana wake alinieleza kazi ilivyokuwa, huku ananionyesha mikono iliyojaa makovu ya miiba. Jani linaingia kwa ubavu, ngoma yenye visu butu inalipondaponda, maji yanasukuma makapi mferejini, singa inatokea upande wa pili tayari kwenda kuanikwa kwenye waya. Katika kilo 100 za majani unapata singa kilo nne au tano tu. Zilizobaki ni makapi na ule uvundo wake, ambao watoto wa kambini tunaujua, unakufuata mpaka kwenye ugali. Mzee alisema ngoma ikianza kulegea alikuwa anaijua kwa mlio kabla fundi hajaitwa. Sasa niambieni, maarifa hayo utayaeleza vipi kwa mjukuu kama mashine yenyewe imeshayeyushwa ikawa nondo?

Sheria nayo inachekesha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo na vitu vya kabla ya 1863. Mkonge umefika miaka thelathini baadaye! Milango ya nakshi imeongezewa muda, ya kabla ya 1940 inalindwa. Mlango wa tajiri ni urithi, korona ya manamba ni chakavu. Waziri anaweza kutangaza mengine yalindwe, kalamu anayo, sijui anangoja wino.

Najua mtasema shamba lina mwenyewe, na mwenye mali ana haki ya kuuza chuma chake. Sawa, siwezi kumwambia mtu alale njaa kwa ajili ya kumbukumbu zangu. Lakini hatujaomba korona zote. Ihifadhiwe moja tu, pamoja na safu moja ya nyumba za kambi, waya za kuanikia, na mashine ya kufungia marobota ya singa. Wazee waliopo walipwe posho waeleze wenyewe, kwa sauti zao, si mwongoza watalii aliyekariri. Reli ya kutoka Tanga hadi Moshi inapita katikati ya mashamba hayo hayo, kwa hiyo hata njia ya kuwapeleka wageni hatuhitaji kuibuni.

Na ninyi walimu wa Tanga mnaochangisha wazazi kila mwaka mkapeleke watoto Bagamoyo kuona historia: Hale ni nauli ya basi dogo, na mkonge bado unasindikwa huko. Ombeni ruhusa, vaeni viatu vya kufunika.