Mfadhili wa Maendeleo Anayeishi Chumba na Sebule

Kila mwaka, ifikapo katikati ya Juni, Waziri wa Fedha husimama bungeni Dodoma kusoma Bajeti Kuu ya Serikali, na kila mwaka hotuba ile hufika mahali pa kuwashukuru washirika wa maendeleo, yaani nchi rafiki, mashirika na mabenki ya kimataifa, wote wakitajwa kwa heshima huku waheshimiwa wakigonga meza. Mimi huisikiliza redioni nikiwa kibarazani kwangu hapa Morogoro, mguu mmoja juu ya pedeli ya cherehani, nikingoja kwa subira nisikie na jina langu. Halijawahi kutajwa. Nalisema hili bila kinyongo kikubwa, kinyongo kidogo tu, kwa sababu nimepiga hesabu zangu nikagundua kwamba katika nchi hii hakuna mfadhili mpole kuliko mimi: sidai taarifa ya utekelezaji, sitoi masharti, siji na gari la vioo vyeusi, na tangu nianze kufadhili sijapewa hata chupa ya maji.

Tuanze na jengo. Mimi sina jengo. Nina chumba na sebule nilivyopanga kule Kihonda, na sebule yenyewe ikifika saa nne usiku hugeuka kuwa chumba cha watoto. Hata hivyo tangu mwaka 2021 mimi ni mlipaji wa kodi ya majengo, kwa kuwa kodi hiyo ilihamishiwa kwenye LUKU na hukatwa mtu anaponunua umeme: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Tulielezwa kwamba anayedaiwa kisheria ni mwenye nyumba, na kwamba mpangaji aelewane naye. Nikavaa shati la kola, nikaenda kuelewana na mama mwenye nyumba, nikamweleza kwa adabu zote kwamba kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, “Baba, umeme wa humo ndani anautumia nani?” Nikajibu, “Ninautumia mimi, mama.” Akasema, “Haya,” akaendelea kuchambua mchele. Nikatoka pale tumeelewana.

Mwezi Julai mwaka huohuo wa 2021 ndipo zilipokuja tozo za miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, na nchi nzima ikapiga kelele kiasi kwamba zilipunguzwa kwa asilimia 30 kabla hata hazijazoeleka, kisha zikapunguzwa tena mwaka uliofuata, na mwaka 2023 ile ya kutuma ikafutwa. Mimi ni mtu wa haki, kwa hiyo naomba ieleweke kwamba fedha zile hazikupotea hewani. Zilijenga vituo vya afya zaidi ya 200 katika tarafa ambazo hazikuwa navyo, zikamalizia na maboma ya madarasa ambayo wananchi walikuwa wamenyanyua kuta na kuishiwa nguvu kwenye lenta. Ninachouliza ni kwa nini aliyechaguliwa kujenga awe yuleyule ambaye, akimtumia mama yake fedha ya mafuta ya taa, hana njia nyingine ya kuzifikisha isipokuwa simu. Mwenye nazo nyingi akiona makato yamezidi huwasha gari akampelekea mzazi wake mkononi.

Na akiliwasha hilo gari, bado tunachangia wote. Mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara, na mwaka 2023 zikaongezwa 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Nilidhani kwa kutokuwa na gari nimekwepa. Kumbe lita yangu huwa ndani ya daladala, ambayo mwezi Desemba 2023 nauli yake ya chini ilitoka shilingi 500 ikawa 600, na lita nyingine imo ndani ya nyanya zinazoshuka kutoka Mgeta. Ndiyo maana nasema ufadhili wangu ni wa ngazi ya juu, kwa sababu nafadhili hata ninapokula kachumbari.

Siyo kwamba bajeti haitoi nafuu. Hutoa. Mwaka uleule wa tozo, kiwango cha chini cha kodi ya mishahara kilishushwa kutoka asilimia 9 hadi 8, nami nikashangilia kwa dhati kwa niaba ya watu wenye mishahara. Fundi, muuza mihogo na mkulima wa Mvomero hawana mahali pa kupokelea nafuu ya namna hiyo, ila wana mahali pengi pa kukatwa: kwenye sabuni, kwenye vocha, kwenye uzi ninaoununua ukiwa tayari umeshapigwa asilimia 18 ya ongezeko la thamani. Aliyenunua uzi ule kwa ajili ya kaptula ya mtoto wa mkulima na aliyeununua kwa ajili ya pazia la bwana mkubwa wamelipa sawasawa, na usawa wa namna hiyo ndio pekee ambao mimi nimeshauona ukitekelezwa kikamilifu bila kusubiri fungu kutoka.

Kuhusu fungu, naomba nigusie kidogo yale matrilioni. Bajeti ya mwaka 2024/25 ilikuwa shilingi trilioni 49.35, na kati ya hizo zaidi ya trilioni 13 zilitengwa kulipa deni la Serikali, yaani zaidi ya robo ya chungu imekwenda kabla mtoto hajanunuliwa chaki wala mgonjwa hajapewa kidonge. Kila mara tunahakikishiwa kwamba deni letu ni himilivu. Maelezo hayo yalinifurahisha sana, hata nikayapeleka kwa Mangi wa duka la kona, nikamjulisha kwamba wataalamu wangu wamelitathmini deni la unga na sukari lililomo kwenye daftari lake na kuliona ni himilivu kwa muda mfupi, wa kati na mrefu. Mangi hakubisha. Alilifunga daftari, akasema kuanzia siku hiyo tutahimili kwa fedha taslimu.

Sasa nije kwenye elimu, ambako nazungumza kama mdau mkuu, kwa maana mimi ndiye mshona sare. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima katika shule za Serikali, na kuanzia Januari 2016 mtoto akawa anasoma hadi kidato cha nne bila ile ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule za sekondari za kutwa; mwaka 2022 wakafuatia wa kidato cha tano na cha sita. Hili ni jambo kubwa na sitalifanyia mzaha. Watoto waliingia shuleni kwa wingi mpaka madawati yakakimbia, na mitaani kwetu kuna mabinti wanaosoma leo ambao bila waraka ule wangekuwa wanalea watoto wa watu mjini. Mzaha wangu ni kwa kinachobaki baada ya ada kuondoka. Serikali hupeleka ruzuku kwa kila mwanafunzi, na kwa shule ya msingi kiwango chake ni shilingi 10,000 kwa mwaka mzima. Kiwango hiki kina historia ndefu: Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002, kilikuwa dola 10 za Marekani, ambazo kwa wakati ule zilikuwa kiasi cha shilingi hizohizo 10,000. Tangu hapo dola imepanda ngazi kama mwenye kufukuzwa, na ile 10,000 imekaa palepale chini ikiiangalia. Igawanye kwa miezi 12, utaona kwamba mtoto hutengewa kwa mwezi fedha pungufu ya ile ninayotoza mimi kubadilisha zipu ya suruali, na katika hiyo sehemu nyingine hubaki huko juu Serikalini kwa ajili ya vitabu.

Mwalimu mkuu naye si mchawi. Chaki zinaisha, choo kinajaa, mlinzi anataka posho, mitihani ya majaribio inataka karatasi, na uji hauji wenyewe. Kwa hiyo huitwa kikao cha wazazi, na katika kikao hicho huwa tunachanga kwa hiari. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango iliyokuwa ikifanya watoto warudishwe nyumbani, na tangu hapo hiari yetu imekuwa ya kiungwana sana: hakuna anayelazimishwa, isipokuwa jina lako husomwa mbele ya wenzako. Katika kikao kimoja cha shule anakosoma binti yangu wa tatu nilisimama kuuliza kama elimu ni bure au si bure. Mwenyekiti wa kamati alinijibu kwamba elimu ni bure, mzee wangu, kinachochangiwa ni rimu.

Umaskini mimi siusomi kwenye takwimu, naupima kwa futi kamba. Mzazi mwenye uwezo huja Desemba, huleta kitambaa chake na kumtaka mtoto ageuke huku na huku. Asiye na uwezo huja usiku wa kuamkia siku ya kufungua shule, akiwa na mtoto wa darasa la kwanza mwenye kiuno cha kidole, na kuniomba nimshonee sketi itakayofika darasa la nne. Nami huacha pindo la ndani lenye upana wa kutosha, la kukunjuliwa kila mwaka, mpaka sketi yenyewe ikiwa kwenye meza yangu huonekana ni ya mama yake. Malipo nusu sasa, nusu tukivuna. Kwa hiyo katika ukoo wa wafadhili mimi pia ni taasisi ya mikopo ya masharti nafuu, na marejesho yake Mungu ndiye ajuaye.

Afya ndiyo iliyonishinda kabisa. Ilipokuja CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, kaya ya watu sita ilipata kadi kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, bei ambayo hata mimi niliona ni ya kibinadamu. Tatizo ni kwamba sisi nyumbani ni saba: mimi, mama watoto, watoto wanne, na mama yangu mzazi aliyekuja kuuguza mguu akakaa. Tukaitisha kikao cha familia kuchagua nani mwaka ule atakuwa mzima wa afya kwa gharama zake mwenyewe. Watoto walitolewa kwenye hoja kwa sababu wao kuugua ni kazi yao. Mama watoto alisema yeye yuko tayari kuachwa, kwa sauti ambayo mwanamume yeyote aliyeoa anajua maana yake, kwa hiyo tukapita haraka. Mimi nilieleza kwamba nikiugua cherehani inasimama. Mama yangu ndiye aliyetuokoa: alisema yeye ana zaidi ya miaka 60, na sera inasema wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo, kwa hiyo yeye atatumia sera.

Basi nikampeleka mama na sera yake kwenye kituo kimoja cha afya, kipya, kilichopakwa rangi ambayo ukuta wa nyumba ninayokaa mimi hautaiona katika uhai wangu. Nilikwenda kifua mbele, kama wanavyokwenda wafadhili kukagua mradi. Nikatazama paa, nikagusa fremu ya mlango, nikatingisha kichwa kwa kuridhika, mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Dirisha la wazee lilikuwepo, na juu yake tangazo la kuwapisha wazee, na kwa kweli walipishwa. Ila daktari aliyekuwepo ni mmoja kwa foleni yote iliyozunguka jengo, wazee na wasio wazee. Hata Serikali imekiri mara nyingi kwamba watumishi wa afya waliopo hawakidhi mahitaji, na mtu yeyote aliyewahi kujenga anajua kwamba tofali hulipwa mara moja ilhali mshahara huulizwa kila mwezi, na ndiyo sababu bajeti inalipenda tofali. Mwaka 2001 kule Abuja marais wa Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Mtoto aliyezaliwa wiki ile sasa ana kadi ya kupigia kura.

Mama alionwa vizuri, kwa heshima na bila kutozwa senti, akaandikiwa dawa za presha. Dirishani nikaambiwa hazipo, tukanunue nje. Nikamweleza yule dada wa dawa, kwa upole, kwamba mama yangu ana msamaha. Akanijibu kwa upole uleule kwamba msamaha upo, kilichokosekana ni dawa. Nikatoka nje kutafuta wakala wa kutolea fedha, nikatoa, nikakatwa tozo ya kutolea, na nikiwa pale nikijumlisha nikaona kwamba nimelichangia lile jengo kwa mara nyingine ili nikanunue dawa kwenye duka la mtu binafsi lililoko ng'ambo ya barabara.

Nikarudi na dawa mkononi na hoja kichwani. Pale mapokezi palikuwa na sanduku la maoni, zuri, la mbao, lenye kufuli. Nikaomba karatasi, nikaandika kwa kirefu kama mfadhili anavyopaswa, nikitaja LUKU, lita, uzi na pindo, hadi nikageuza upande wa pili. Nilipofika kutumbukiza nikakuta tundu limejaa maoni ya wenzangu hadi juu. Nikamwuliza muuguzi ni nani hulifungua. Akasema ufunguo anao mganga mfawidhi. Nikauliza mganga mfawidhi yuko wapi. Akasema yuko wilayani, wameitwa kwenye kikao cha kupanga bajeti.