Aliyeitikia "Marahaba" Ni Mimi

Kwa kuwa rafiki yangu, ambaye tuliongozana naye akiwa na gari lake, ametangulia kuisambaza habari hii kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita, na kwa kuwa tangu juzi watu ninaowaheshimu wananipigia simu kuulizia "afya ya Afande", nimeona ni heri niieleze mwenyewe kama ilivyotokea. Si kweli kwamba mwenyekiti wa kijiji alimpigia mbwa wangu saluti. Saluti ilipigwa na mlinzi. Mwenyekiti alimpa mkono tu.

Mnaomfahamu Kamanda, mbwa wangu huyo, hamhitaji maelezo. Mwaka huu mama watoto alikataa katakata kumwachia jirani, kwa sababu tuliporudi kutoka Bukoba mara ya mwisho tulimkuta mbwa amekonda na jirani amenenepa, ilhali hela ya nyama tuliiacha ya wiki mbili. Kazi ya kutafuta nyumba ya mapumziko kando ya ziwa itakayotupokea sote nikapewa mimi, nami nikaona ni kazi ya simu mbili.

Kisiwa cha Saanane, ambako watoto walitaka tukashinde siku moja, kilitoka kwenye orodha mapema, maana ile ni hifadhi ya taifa na mnyama wa kufugwa haingii hata awe na adabu kiasi gani. Ukerewe nako nilikuacha nilipomwazia Kamanda kwenye kivuko hadi Nansio, saa kadhaa, katikati ya matenga ya kuku. Hoteli ya kwanza kuipigia simu ilinijibu kwamba mbwa wanao wa kwao na wanawatosha. Ya pili ilijengwa juu ya mawe, kama nusu ya nyumba za Mwanza, na mhudumu akanieleza kwa fahari kwamba wageni wao huamka na kuwakuta pimbi wakiota jua barazani. Nilimshukuru nikakata simu, kwa kuwa pimbi mmoja tu humtosha Kamanda kubweka mpaka majirani wawashe taa. Ya tatu ilikubali bila kusita, na ni bahati kwamba niliuliza swali la ziada, ndipo nikaambiwa kuwa mbwa wao wanne wa ulinzi hufunguliwa saa nne usiku na kwamba "watazoeana wenyewe". Mwenye nyumba ya nne alikuwa mzee mstaarabu, aliyenifafanulia bila kunikaripia kwamba ua wa nyumba yake ndipo wageni wanaposwalia na kwamba mate ya mbwa ni najisi, kisha akaniombea safari njema. Wa tano aliniuliza kama ninamuuza.

Sasa hapa, wafuasi wangu, ndipo nilipokosea, na ninaomba mnihukumu kwa upole. Neno "mbwa" lilikuwa limenifungia milango mitano. Kwa hiyo nilipopata namba ya mama mmoja mwenye nyumba ndogondogo za wageni upande wa Sengerema, sikupiga simu. Niliandika ujumbe, nao huu hapa neno kwa neno, kwa kuwa rafiki yangu ameutia chumvi: "Shikamoo mama. Tutakuwa watu wazima wawili, watoto wawili na Kamanda. Kamanda anahitaji ua wenye uzio, na hapendi ngazi. Anakula nyama ya kuchemsha isiyo na chumvi wala pilipili. Analala mapema, lakini akisikia kelele usiku huamka na kuzunguka. Chanjo zake zimekamilika na cheti ninacho."

Sikudanganya popote. Hata hicho cheti ni cha kweli, ni cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Lile neno moja tu ndilo nililinyamazia, nikijiambia kwamba mtu mwenye akili atang'amua mwenyewe. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: "Marahaba. Karibuni sana, ni heshima kubwa kwetu. Tutamwandalia Kamanda chumba cha mbele." Mimi nikamsoma mama yule kuwa ni mpenzi wa wanyama. Nilimsomea mama watoto ujumbe ule kwa sauti, nikaongeza kwamba mambo haya yanataka mtu anayejua kuzungumza na watu.

Tulivuka kwa Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo hadi Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, nalo nalilaumu kidogo. Enzi za kivuko tungekaa foleni Kigongo, Kamanda angeshuka kujisaidia mbele za watu, na habari zake zingefika Sengerema kabla yetu. Sasa kilomita 3 juu ya maji ni dakika chache tu, na siri yangu ikavuka nami ikiwa salama.

Geti lilikuwa wazi. Mlinzi, mzee aliyewahi kuwa mgambo kama nilivyokuja kuelezwa, alikuwa amesimama wima akiwa amevaa shati lenye mikunjo ya pasi. Nyuma yake alikuwepo mama mwenye nyumba akiwa na kitenge kipya, na kando yake bwana mmoja aliyevaa koti la suti mchana ule wa jua kali, ambaye nilidhani ni mgeni mwenzetu. Nilipunguza mwendo. Nikasema moyoni, hawa watu wanajua kupokea wageni.

Mzee yule hakuja upande wangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, wanakokaa wakubwa, na vioo vyangu mnavijua vilivyo vyeusi. Akaufungua kwa mkono wa kushoto, akarudi hatua moja, akagonga visigino, mkono wa kulia ukapanda hadi kwenye paji la uso ukakaa hapo.

Kamanda akashuka. Hakuruka kama afanyavyo siku zote. Alishuka mguu mmoja mmoja, akajinyoosha, akapiga miayo, akawatazama waliokuja kumpokea. Mkono wa mlinzi ulibaki juu. Nadhani hakujua ni kanuni gani inayouteremsha. Bwana wa koti, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji, alikuwa tayari ameanza kunyoosha mkono wa salamu, ukakwama njiani, haukufika wala haukurudi, na mwanangu wa kiume amemfundisha Kamanda kwamba mkono ulionyooshwa hujibiwa. Kamanda akaketi, akatoa mguu wa mbele. Mwenyekiti akaupokea. Akautikisa mara mbili. Sijui kama ulikuwa mshtuko au ni ustaarabu uliopitiliza, ila nilimsikia kwa masikio yangu akisema "Karibu sana", na sauti yake ikafifia kwenye "sana".

Hata hapo ningeweza kujiokoa. Ningetoka garini, nikacheka, nikaomba radhi. Lakini kutoka jikoni alikuwa amekuja binti mdogo akiwa na beseni na jagi la maji ya kunawa, na kwa malezi mema ya Usukumani alipiga magoti mbele ya mgeni mkubwa, macho chini, akatamka kwa sauti ndogo: "Shikamoo."

Palikuwa kimya. Maji yalikuwa yakicheza ndani ya jagi. Binti alikuwa anangoja, hajainua uso, na salamu ile ilikuwa imening'inia bila mtu wa kuipokea, nami nimelelewa kwamba shikamoo ya mtoto haiachwi bila kuitikiwa. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Marahaba," nikasema, kwa niaba ya mbwa.

Binti akainua macho, akakutana na pua. Jagi likaenda zake. Nyuma yangu nikasikia mlango wa gari la rafiki yangu ukifunguka na kicheko ambacho bado ninakisikia ninapoandika, na mama watoto akishuka upande wa pili na kusema kwa utulivu wa kutisha, "Hebu nisomee tena ule ujumbe."

Yaliyofuata nayapitia haraka. Ziwa lilikuwa gizani, yaani mbalamwezi haikuwepo, wavuvi walikuwa wamepata dagaa wengi, na kina mama wa jirani walikuwa wamewaanika juu ya nyavu kuukuu mchangani, hatua thelathini tu kutoka uzio ambao, niliambiwa baadaye, una tundu. Kamanda alikula, na alipochoka kula alijigaragaza. Nililipia ndoo mbili. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia kwamba ningeandika "mbwa" angekubali vilevile, kwa kuwa nyumba zake zina sakafu ya saruji isiyo na zulia na yeye mwenyewe anafuga. Kuku wawili wa kienyeji, waliochemshwa bila chumvi wala pilipili kwa heshima ya mkubwa wetu, tulikula sisi na mwenyekiti, ambaye hakuniangalia usoni mpaka alipoaga. Chumba cha mbele hakikukaliwa na mtu. Kamanda alilala barazani, akinuka dagaa kiasi kwamba hata mbu, nadhani, walihama.

Asubuhi nilitoka naye kwenda ufukweni. Mzee wa getini alikuwa anamalizia zamu yake, redio imebanwa kwapani. Alisimama, akagonga visigino, akamwinamia Kamanda kidogo, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Afande."

Safari hii nilinyamaza.