Ctrl na C Imeninyima Raha

Jamani, kuna elimu nyingine ukiipata umejitafutia presha tu. Zamani nilikuwa naingia steshenari hapa Mwanga, Kigoma, nampa dogo flashi, nakaa zangu kwenye benchi naangalia bodaboda zinavyopishana, roho kwatu. Tangu nijue njia za mkato za kibodi, zile za kubonyeza kitufe cha Ctrl pamoja na herufi badala ya kuhangaika na mausi, raha hiyo sina tena.

Maana sasa naona kila kitu. Dogo anataka kukopi anwani. Anashika mausi, anaburuza ile rangi juu ya maneno, inapitiliza, inameza aya nzima, anaachia, anaanza upya. Anapandisha mshale juu kabisa kutafuta kale kapicha ka karatasi mbili. Anashuka kurasa huku anazungusha kigurudumu, kri kri kri, halafu anapanda tena juu kutafuta pa kupesti. Mimi kwenye benchi vidole vinacheza vyenyewe. Ctrl na C, mwanangu! Ctrl na V! Kwani herufi zenyewe ziko mbali? Z ya kutengua, X ya kukata, C ya kukopi, V ya kupesti, zote zimebanana safu ya chini kushoto kama abiria wa siti ya nyuma kwenye Hiace ya Ujiji. Marehemu Larry Tesler, yule Mmarekani wa maabara ya kampuni ya Xerox, alihangaika na mambo haya ya kukata na kupesti miaka ya 1970 ili sisi tusihangaike. Alifariki mwaka 2020. Heri hakuwahi kufika Mwanga.

Nikinyamaza naumia, nikisema naonekana mjuaji.

"Dogo, bonyeza kwanza Ctrl na S uhifadhi kazi, umeme wa leo siuamini."

"Tulia mzee, namalizia."

Kweli, ukamalizia umeme. Barua ya binti wa watu ya kuomba kazi ikaenda na maji, na lawama zote zikaangukia nguzo ya barabarani.

Uliporudi, kompyuta ikawaka, ikaganda. Hapo dogo akakumbuka ya mjini: Ctrl, Alt na Delete. Akaanza kuzibonyeza moja moja kwa kidole kimoja, kwa heshima, kama anabisha hodi ukweni. Zinabonyezwa kwa pamoja, bwana! David Bradley wa kampuni ya IBM, aliyeileta hiyo enzi za kompyuta yao ya mwaka 1981, alichagua vitufe vilivyokaa mbalimbali makusudi, mtu asije akaizima na kuiwasha upya kwa bahati mbaya. Alitaka mikono miwili. Dogo mkono wa pili ulikuwa na andazi.

Nikashindwa kuvumilia. Nikainuka, nikaingia nyuma ya kaunta, nikakamata kibodi. Ctrl na A, nachagua yote; Ctrl na C, nakopi; Alt na Tab, nahamia dirisha jingine; Ctrl na V, napesti; Ctrl na P, naprinti. Foleni ikasogea mpaka watu wakaanza kuitana kutoka nje. Mnadhani nilipunguziwa bei? Thubutu! Dogo akamaliza andazi, akaenda kuchukua na chai, akaniachia foleni yake. Siku hizi nikitokeza tu mlangoni, kiti kinavutwa: "Karibu fundi." Kazi yangu mwenyewe ndiyo inakuwa ya mwisho, na hela nalipa mimi!

Juzi kaja mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi, ananiangalia ninavyofuta na kurudisha maneno. Akasogea karibu.

"Baba, hiyo Z inarudisha kila kitu?"

"Karibu kila kitu, mama."

"Basi nirudishie mtu mmoja. Alichukua ndoo zangu za dagaa kwa mkopo, akasema atalipa giza la mwezi likiingia, dagaa wakivuliwa tena. Giza limeingia, mbalamwezi imerudi, hata salamu hana."

"Huyo, mama, ni wa Ctrl, Alt na Delete. Na uweke andazi chini kwanza."